Alifuta kila kitu, bado wakamtambua: kisa cha kompyuta ya kadi za harusi Mombasa

Mama mmoja wa kisiwani Mombasa ana duka la kuchapisha kadi za harusi, mabango ya maulidi na vijitabu vya hitima. Binti yake ameposwa. Binti huyo ana kifafa tangu utotoni, kimetulia kwa dawa, na upande wa mume umeelezwa ukaridhia. Jamaa wengine hawajaambiwa, na hiyo ni haki ya wenyewe. Mama alitaka kujua jambo moja tu: dawa anazotumia binti yake zitakuwaje akishika mimba. Ni swali la maana sana, kwa sababu dawa ya valproate inajulikana kwa madhara yake kwa mtoto aliye tumboni, na mama mzazi ana kila sababu ya kusoma kabla ya kwenda kwa daktari.

Akangoja vijana wa dukani watoke kwenda kuswali adhuhuri. Akafungua dirisha la hali fiche (incognito), lisiloweka historia, kwenye Chrome ya kompyuta ya kazi, akasoma kurasa kadhaa za tovuti moja ya afya, akalifunga. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akafuta historia pia, na vidakuzi vyote (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta).

Siku chache baadaye mteja alikuwa ameketi ubavuni mwake wakichagua pambo la kadi. Mama akafungua tovuti ya picha za maua ambayo huitumia kila wiki, na pembeni mwa ukurasa likajitokeza tangazo la hospitali ya ng'ambo inayotibu kifafa. Mteja akauliza, "Kwani nani anaumwa?" Swali kama hilo likiulizwa dukani asubuhi, kufikia alasiri lishaingia majumbani.

"Nilifuta kila kitu, mwanangu," aliniambia nilipofika. "Sasa wamenijuaje?"

Ameniruhusu nikiandike kisa hiki ili wengine wafaidike. Jina, mtaa na chochote cha kumtambulisha nimekiacha.

Kuondoa sababu za kawaida

Tangazo likimfuata mtu, wengi hurukia maelezo makubwa kabla ya kumaliza madogo. Mara nyingi sababu huwa rahisi: mtu ameingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, au ametafuta kwa simu yenye akaunti ile ile, au ametuma ujumbe. Kwa hiyo tulianza huko.

Kwenye dirisha la hali fiche mama hakuingia akaunti yoyote. Simu yake hakuitumia kabisa kwa jambo hilo, kwa kuwa wajukuu huichezea. Vidakuzi navyo haviwezi kulaumiwa: dirisha fiche hutupa vidakuzi vyake linapofungwa, na Chrome huzuia vidakuzi vya kampuni za kando ndani ya dirisha hilo hata bila kuambiwa.

Ikabaki anwani ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Hii ni sababu nzito, maana kampuni za matangazo huweza kuchukulia nyumba nzima au duka zima kuwa mtu mmoja kwa sababu wote wanatoka kwenye Wi-Fi moja. Ila siku ya tangazo, faiba ya duka ilikuwa imekatika na mama alikuwa akitumia hotspoti ya simu. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo anwani ya siku ile haikuwa ile ya siku ya kusoma, wala haikuwa yake peke yake.

Kilichobaki sawa siku zote mbili ni kitu kimoja: kompyuta yenyewe.

Kompyuta inavyojieleza bila kuulizwa jina

Kila kivinjari, kama hiyo Chrome, kikifungua ukurasa hutoa maelezo ya mashine yake. Mengine huyatuma chenyewe, kama vile aina na toleo lake na lugha anazopendelea mtumiaji. Mengine skripti, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa, huyauliza: ukubwa wa skrini, saa za eneo, idadi ya viini vya prosesa, kadi ya picha, fonti zilizopo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo siri. Yakikusanywa pamoja, mchanganyiko wake huweza kuwa wa mashine moja tu. Ndiyo inayoitwa alama ya kivinjari, na ubaya wake ni kwamba haihifadhiwi kwenye kompyuta ya mtumiaji. Mama alifuta vidakuzi kwa sababu vipo kwake. Alama haina pa kufutwa, huhesabiwa upya kila ukurasa unapofunguliwa, na jibu hutoka lile lile.

Jambo hili lilipimwa hadharani mwaka 2010, pale Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani alipowaalika watu wapime vivinjari vyao kwenye tovuti ya Panopticlick. Katika vivinjari 470,161 vilivyopimwa, asilimia 83.6 vilikuwa na alama isiyofanana na ya mwingine yeyote. Kwa makadirio yake, ukichukua kivinjari kimoja bila kuchagua, utahitaji kupitia vivinjari vipatavyo 286,777 ndipo upate mwenzake. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Hata kama kila mmoja wao, na mtoto mchanga akiwemo, angekuwa na kompyuta yake, wanaofanana na wewe wangekuwa kama wanne hivi.

Haki ni kueleza upande wa pili pia. Waliojitokeza kwa Eckersley walikuwa watu wanaojali faragha, na watu hao hupenda kubadilisha mipangilio. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha vipimo vya vivinjari zaidi ya milioni mbili vya wasomaji wa kawaida wa tovuti moja kubwa, na waliokuwa peke yao walikuwa asilimia 33.6 tu. Kwa simu ilishuka hadi asilimia 18.5, jambo linaloeleweka: simu elfu za toleo moja zinatoka kiwandani na skrini moja, prosesa moja na fonti zile zile. Kwa hiyo si kila mtu anatambulika kirahisi. Swali la kisa hiki ni kama kompyuta ya duka la kadi inafanana na za wengine.

Haifanani hata kidogo.

Tuanze na fonti, kwa sababu ndizo zilizonishtua. Anayetengeneza kadi za harusi Mombasa hawezi kuishi na fonti zilizokuja na Windows. Bismillahi ya juu lazima ipendeze. Kwenye mashine ile nilikuta fonti za hati ya Kiarabu kama Amiri na Scheherazade, nyingine za mwandiko wa nastaaliki, na rundo la fonti za Kilatini zenye mikunjo na maua ambazo mama amekuwa akizikusanya kwa miaka, nyingine kutoka kwa wateja walioleta kadi yao kwenye flashi. Sidhani kama kuna kompyuta nyingine duniani yenye orodha hiyo kamili.

Tovuti haihitaji kuomba ruhusa kuzijua. Skripti huandika neno mahali pasipoonekana kwa fonti ya kawaida, ikapima upana wake. Kisha huagiza neno lilo hilo liandikwe kwa Amiri. Kama Amiri haipo, kivinjari hurudia fonti ya kawaida na upana haubadiliki. Ikiwepo, upana unabadilika. Ikirudia hivyo kwa majina mamia ya fonti, kazi inakwisha kabla jicho halijapepesa, na mwishoni kuna orodha ya ndiyo na siyo.

Lugha nazo zina uzito wake. Mama ameiweka Kiswahili kwanza, Kiarabu pili, Kiingereza tatu, na kivinjari chake huipeleka hiyo ya kwanza kwa kila tovuti anayoitembelea. Kwetu ni chaguo la kawaida kabisa. Kwa kampuni inayohesabu vivinjari vya dunia nzima ni chaguo adimu. Inaniuma kwamba mtu akichagua kusoma kwa lugha yake anakuwa rahisi zaidi kufuatiliwa kuliko aliyeacha Kiingereza kama kilivyokuja, lakini ndivyo hesabu ilivyo, na yeyote anayetushauri kuhusu faragha kwa kunakili mwongozo wa Ulaya hatalitaja hili. Ongeza saa za eneo zinazosomeka Africa/Nairobi, na skrini ya zamani ya mraba, pikseli 1280 kwa 1024, aliyoinunua mtumba Digo Road na haitaki kuiacha kwa sababu ukurasa wa kadi unakaa vizuri.

Kuikamata kazini

Dhana haitoshi. Nikatengeneza ukurasa wangu mdogo wa majaribio, nikaweka FingerprintJS, programu huria inayotumiwa kutengeneza alama za namna hii. Hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 32. Tukaufungua kwenye Chrome ya kawaida, tukanakili mfuatano. Tukafuta vidakuzi, tukaufungua kwenye dirisha fiche, kisha tukatoka kwenye faiba tukaingia hotspoti. Mfuatano haukubadilika hata herufi moja. Mama aliusoma kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, kwenye karatasi na kwenye skrini, akaniangalia. Hapo hakuhitaji maelezo zaidi.

Halafu tukaenda kwenye tovuti ya afya yenyewe. Nilifungua zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari, nikaweka mtego kwenye amri ya toDataURL, ile inayogeuza mchoro kuwa maandishi ya kutumwa. Tukapakia ukurasa wa kifafa. Mtego ukanasa mara moja. Skripti iliyotoka kwa kampuni ya kando, si kwa wenye tovuti, ilichora kwenye kipande cha turubai ambacho hakikuwekwa popote kwenye ukurasa, kwa hiyo msomaji hawezi kukiona. Kilichoandikwa humo ni maneno Cwm fjordbank glyphs vext quiz, juu ya mstatili wa rangi. Hayana maana ya kusomwa. Yamechaguliwa kwa sababu yanapitia herufi zote za alfabeti, na kila kompyuta huzichora kwa tofauti ndogo kulingana na kadi yake ya picha, madereva yake na namna mfumo unavyolainisha kingo za herufi. Mbinu hii ilielezwa na Mowery na Shacham mwaka 2012, na kufikia mwaka 2014 watafiti waliikuta ikitumika kwenye zaidi ya asilimia 5 ya tovuti 100,000 kubwa zaidi, wengi wakitumia sentensi hii hii. Kuikuta ikichorwa kwa siri chini ya ukurasa unaofafanua ugonjwa wa mtoto wa mtu ni jambo ambalo sijalizoea na sitaki kulizoea.

Tukafungua ile tovuti ya maua. Skripti ya kampuni ile ile ilikuwepo, ikichora mchoro ule ule.

Kwa hiyo kampuni moja iliiona kompyuta moja pande zote mbili, ikiwa na njia ya kuitambua isiyotegemea vidakuzi, akaunti wala anwani ya IP. Kuoanisha kwenyewe hufanyika kwenye seva zao, mahali ambapo mimi na mama hatuingii. Ndiyo maana baadaye tuliwaandikia barua, nitakazozieleza, tukawauliza wenyewe.

Kinga zilizokataliwa na iliyokubaliwa

Kabla sijaitwa, mpwa wake mama alikuwa ameshapendekeza VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine. Kijana ana nia njema, na VPN ina kazi yake, lakini kwa kisa hiki ingeharibu zaidi. Ingebadilisha anwani ya IP iseme London, huku saa zikisema Nairobi, lugha ikisema Kiswahili na fonti zikisema Amiri. Mashine iliyokuwa adimu ingekuwa adimu maradufu. Hali ni hiyo hiyo kwa viendelezi, programu za kuongezea kwenye kivinjari, vinavyodanganya aina yake: ukisema wewe ni iPhone wakati kadi yako ya picha na skrini vinasema Windows, uongo wenyewe unakuwa alama.

Kinga ya kweli hapa ni kufanana. Pita Marikiti asubuhi ya kuamkia Idi, wanawake wote wamevaa buibui jeusi, unaweza kupishana na shangazi yako mzazi usimjue mpaka akuite. Hajajificha, anaonekana na kila mtu, ila amefanana na wote. Kivinjari cha Tor, kinachopitisha intaneti kwenye kompyuta kadhaa za mtandao wake ili kuficha ulikotoka, kimejengwa kwa wazo hilo. Kila anayekitumia huonyesha saa zisizo na tofauti na UTC, saa ya rejea ya dunia, fonti zile chache zilizoruhusiwa, na ukubwa wa dirisha uliokatwa kwa vipimo vya pamoja, ndiyo maana wakati mwingine unaona ukingo wa kijivu kuzunguka ukurasa. Kikiuliza kama kurasa ziombwe kwa Kiingereza, jibu ni ndiyo. Hakiongezwi kiendelezi chochote. Kipo pia Mullvad Browser, kilichotolewa mwaka 2023 kwa ushirikiano na watu wa Tor, chenye kufananisha huko huko bila mtandao wa Tor. Brave hufuata njia nyingine: hupotosha kidogo majibu ya mchoro na sauti, tofauti kwa kila tovuti, ili tovuti mbili zisipate alama moja ya kulinganisha.

Tulipofungua ukurasa wangu wa majaribio kwa Tor kwenye kompyuta ya mama, fonti zake zote za harusi zilitoweka kwenye orodha. Nikafungua laptopu yangu, yenye Windows pia, kwa Tor vile vile. Orodha mbili za fonti zikawa sawa, saa sawa.

Ila Tor haiwezi kuwa ya kazi zote. Ni ya polepole, tovuti nyingi humtaka mtu athibitishe yeye si roboti, na ukiingia akaunti yako ndani yake umejitaja mwenyewe. Kwa hiyo tukagawa kazi. Chrome ikabaki ya duka: barua pepe, oda na malipo, mahali ambapo mama anajulikana kwa jina na hana haja ya kujificha. Kwa kusoma kwa kawaida tukaweka Firefox yenye ulinzi mkali. Tangu mwaka 2020 Firefox huzuia kampuni zinazojulikana kwa kukusanya alama, na tangu mwaka 2023 madirisha yake ya faragha hayazionyeshi tovuti fonti ambazo mtumiaji amejiwekea mwenyewe. Kwa duka hili hicho ndicho kipengele chenye thamani kuliko vyote. Tor ni ya mambo ya ndani ya nyumba.

Nilimweleza kwamba angeweza pia kuondoa Kiswahili kwenye orodha ya lugha za Chrome. Alikataa. "Nisome kwa Kizungu dukani kwangu kwa ajili ya watu wa matangazo?" Nilikubaliana naye bila kusita. Kwenye Chrome anaingia kwa akaunti yake kila siku, kwa hiyo kuificha lugha kusingemsaidia chochote.

Barua

Ningekuwa nimeishia kwenye vivinjari ningekuwa nimemtwika mama kazi yote ya kujilinda dhidi ya jambo alilofanyiwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtambua mtu kuwa anatambulika hata kwa kitambulisho cha mtandaoni, bila jina, na inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Sheria hiyo hiyo inampa haki ya kuarifiwa data yake inatumikaje, kuiona, kupinga matumizi yake na kutaka ifutwe. Ukurasa wa afya unaochora mchoro wa siri hauna arifa ya aina hiyo.

Hali ya soko nayo haisaidii. Google, iliyosema mwaka 2019 kwamba mbinu hii inavuruga hiari ya mtumiaji na kwa hiyo ni kosa, ililegeza masharti kwa wateja wake wa matangazo kuanzia tarehe 16 Februari 2025. Mdhibiti wa data wa Uingereza aliyaita mabadiliko hayo kutowajibika. Nakubaliana naye kabisa. Kampuni kubwa ikilegeza, ndogo hazina sababu ya kujizuia.

Tuliandika barua mbili, moja kwa wenye tovuti ya afya na nyingine kwa kampuni ya skripti, tukaambatisha picha za skrini zenye tarehe, jina la faili la skripti na ule mchoro. Tuliuliza mambo manne: ni data gani mnayokusanya kwenye kurasa za magonjwa, kwa msingi upi wa kisheria, nani mnampa, na lini mtaifuta iliyokwisha kukusanywa. Alama yenye tarakimu 32 hatukuiambatisha, kwa kuwa kumpa kampuni kitambulisho chako pamoja na jina lako ni kuwamalizia kazi. Mama alitia sahihi yake mwenyewe. Wakikaa kimya au wakijibu kwa mzunguko, malalamiko yataenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90, na faili la malalamiko hayo liko tayari kwenye flashi dukani.